Mishubiri (aloe vera) na jua la Arua, Uganda
Ndugu zangu wa kikundi, habari za asubuhi. Jua hili la Januari linatufanya tuionee mimea huruma, tunaimwagilia kila siku. Tafadhali tuache! Mishubiri ina akiba ya maji kwenye majani yake manene. Kinachoiua ni mizizi kuoza. Juzi niling'oa wangu mkubwa: shina limelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na linanuka. Niliumia sana.

Chomeka kijiti cha ufagio kwenye udongo wa kopo mpaka chini. Kikitoka na udongo umegandia, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia jioni hadi maji yatoke tunduni. Makopo yatobolewe, jamani! Mchana isogezeni mimea kivulini.

Jumamosi tunabadilishana machipukizi. Mkiyakata, yaacheni siku 3 kidonda kikauke.