Yah: Malalamiko kuhusu kijitabu chenu cha Château Gaillard

Kwa Meneja,
Idara ya Ziara za Ulaya

Ndugu Meneja,

Nilikuwa katika kundi mlilolipeleka Ufaransa kwenye ziara ya ngome za kale. Nalalamikia kijitabu cha Kiswahili mlichotugawia, pamoja na namna tulivyohudumiwa kwenye ngome ya Château Gaillard, kule Les Andelys, Normandy.

Kijitabu kinadai Mfalme Richard wa Uingereza alifia humo akipigana na Wafaransa. Si kweli. Richard aliijenga ngome hiyo juu ya mto Seine kati ya 1196 na 1198, kwa takriban pauni 12,000, ili kuziba njia ya kwenda Rouen, mji mkuu wa Normandy. Alifariki Aprili 1199 kwa jeraha la mshale huko Châlus, mbali kabisa na hapo. Philippe wa Pili, mfalme wa Ufaransa, alipokuja kuizingira mwaka 1203, mfalme wa Uingereza alikuwa John, mdogo wake Richard, na aliyeishika ngome kwa niaba ya John ni kamanda Roger de Lacy.

Kinadai pia kwamba magofu tunayoyaona ni kazi ya Philippe. Aliiteka tarehe 6 Machi 1204, lakini ngome iliendelea kutumika kwa karne nyingi baadaye. Aliyeamuru ibomolewe ni Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa, mwaka 1599, na Wanormandy wenyewe ndio waliomwomba.

Hayo ni ya kurekebisha kabla ya kuchapa tena. Lililoniumiza, nikiwa mwalimu wa historia, ni watu mliowaacha nje ya habari yao wenyewe. Wafaransa walipouteka mji ulio chini ya kilima, wakazi wake zaidi ya elfu moja walikimbilia ngomeni. Akiba ya chakula ilipopungua, De Lacy akaanza kuwatoa, wazee, wanawake na watoto. Makundi ya mwanzo yaliachwa yapite. Kisha Philippe akakataza. Waliofuata wakarushiwa mishale, wakarudi mbio, wakakuta lango limefungwa. Wakabaki mteremkoni kati ya majeshi mawili wakati wa baridi kali, wakila majani na mbwa. Wengi walikufa kabla Philippe hajakubali kuwafungulia njia. Aliyeyaandika haya ni Guillaume le Breton, kasisi wa Philippe mwenyewe, kwa hiyo hayawezi kuitwa uzushi wa adui.

Kijitabu chenu kina ukurasa mzima wa jibini za Normandy. Juu ya watu hawa hakina hata sentensi moja. Nilipomuuliza mwongozaji mbele ya wenzangu, alijibu kwamba wageni hawapendi habari za huzuni, akatuharakisha kwenye basi. Ua wa ndani, ambao kiingilio chake kilikuwa ndani ya bei tuliyolipa, hatukuingia kabisa.

Naomba kijitabu hicho kisigawiwe tena mpaka kiandikwe upya, na habari ya wakazi wa Les Andelys iwemo. Mwongozaji apewe maelezo sahihi kabla ya kundi lijalo. Nasi turudishiwe fedha za kiingilio ambacho hatukukitumia.

Nimeambatisha nakala ya risiti na kurasa nilizozipigia mstari. Tafadhali nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wa ziara ya ngome za kale