Msimuandike kama mke wa mtu, huyu mama ndo alifungua kiini cha atomu

Ndugu Mhariri,

Salaam, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma ile makala yenu ya wanasayansi wa nyuklia wa Ujerumani, nimeisoma mara mbili na ni nzuri, Hahn yupo, Heisenberg yupo, kila mmoja kapewa nafasi yake na picha. Alafu kule chini kabisa kuna mstari mmoja unasema Maria Mayer, mke wa mkemia Joseph Mayer, naye alipata Nobel. Basi, imeishia hapo. Mi nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, mwaka huu nina wasichana 11 darasani, na ule mstari umeniuma kweli kwasababu ndivyo hivyo hivyo alivyokuwa anafanyiwa mwenyewe akiwa hai.

Jina lake kamili ni Maria Goeppert Mayer. Kazaliwa tarehe 28 Juni 1906 mji wa Kattowitz, wakati ule ulikuwa Ujerumani, leo uko Poland na unaitwa Katowice. Akiwa bado mdogo wakahamia Göttingen, baba yake alikuwa profesa wa magonjwa ya watoto, na ukoo wao ulikuwa wa maprofesa vizazi na vizazi, na ni huyo baba aliyekuwa anamwambia toka utotoni asije akakubali kuishia mama wa nyumbani tu. Mwaka 1924 kaingia chuo kikuu palepale Göttingen asome hisabati, ila Göttingen ya miaka ile ndo palikuwa panapikwa fizikia mpya yenyewe, Max Born yupo, James Franck yupo, akahamia fizikia na hakurudi nyuma. 1930 akapata shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili, yani chembe mbili za mwanga, kwa mpigo. Hakukuwa na kifaa duniani cha kulithibitisha hilo mpaka leza ilipokuja, 1961 ndo likaonekana kwa macho, yani miaka 30 baadaye, na leo kuna hadubini zinazotumia jambo hilohilo kuangalia ndani ya ubongo ulio hai, na kipimo chake kinaitwa GM, herufi za majina yake mawili, Goeppert na Mayer.

Sasa hapa ndo naomba wasomaji wasimame kidogo. Mwaka huohuo 1930 akaolewa na Joseph Mayer, Mmarekani aliyekuwa amepanga chumba nyumbani kwa mama yake Maria, wakaenda Baltimore, mume kapata kazi chuo kikuu cha Johns Hopkins. Yeye hakupata. Kulikuwa na sheria ya kutoajiri mke na mume pamoja, na uchumi umeanguka, kwahiyo mtu mwenye uzamivu wa Göttingen akapewa kijichumba juu darini na vihela kidogo vya kusaidia barua za Kijerumani. Pale pale darini akaandika kazi za fizikia ya kemia, akafundisha, akalea watoto wawili. 1939 wakahamia Columbia, New York, hapo napo mshahara hakuna. Kazi yake ya kwanza ya kufundisha kwa mshahara ilikuja Desemba 1941, chuo cha Sarah Lawrence, tena ya nusu muda. Wakati wa vita akaingizwa kwenye kikundi cha mkemia Harold Urey waliokuwa wanatafuta namna ya kutenganisha isotopu za urani, yani aina zake za atomu zinazotofautiana uzito, na 1945 akawa Los Alamos, maabara ya bomu la atomu la Marekani, kwa miezi kadhaa, sitaki kuficha hilo, alikuwemo kwenye ile kazi ya bomu kama walivyokuwemo wengi waliotoka Ulaya. Vita vikaisha, 1946 wakaenda Chicago, akaitwa profesa. Profesa wa kujitolea. Hela akawa anapata kwenye maabara ya Argonne nje ya mji, nusu muda tena.

Nimewahi kusikia watu wakiisimulia hii habari kama somo la uvumilivu, eti angalieni alivyovumilia. Hapana jamani. Alinyimwa. Alikuwa anataka kazi yenye mshahara kama wenzake, na vyuo vitatu vikubwa vilichukua akili yake bila kumlipa kama mwalimu. Tukiliita uvumilivu tunawatakasa waliomnyima.

Na huko Chicago ndo alifanya kitu ambacho makala yenu imekiruka kabisa. Alikuwa na mwanafizikia Edward Teller wanatafuta elementi zilitokea wapi, akawa anapitia orodha za elementi zipi ziko nyingi ulimwenguni na zipi ni chache, akaona namba fulani zinajirudia rudia. Kiini cha atomu kimejengwa kwa chembe za aina mbili, protoni na nyutroni, na chenye protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126 kinakuwa kimetulia kuliko majirani zake. Elementi ya bati ina protoni 50, na ina aina 10 za atomu zisizooza, yani zisizovunjika zenyewe, hakuna elementi nyingine inayofikisha hapo. Madini ya risasi, aina ya 208, ina protoni 82 na nyutroni 126, namba mbili kwa pamoja, imetulia tuli. Zikaitwa namba za ajabu kwasababu hakuna aliyejua zinatoka wapi. Wengi walikuwa wanakichukulia kiini kama tone la maji, kila kitu kimechanganyika, wazo la kwamba ndani mna ngazi au maganda halikuwa na wateja wengi, na hesabu zenyewe zilitoa 2, 8 na 20 vizuri alafu kuanzia 28 zinagoma.

Siku moja yuko ofisini na mwanafizikia Enrico Fermi wanalijadili hilo, Fermi akaitwa kwenye simu, akiwa anatoka mlangoni akamuuliza kama kuna dalili yoyote kwamba chembe inavyojizungusha yenyewe inahusiana na inavyozunguka ndani ya kiini. Maria akaona jibu palepale, ndiyo, na hiyo inaeleza kila kitu. Fermi karudi baada ya dakika chache akamkuta anamwaga hesabu kwa kasi hadi Fermi akamwambia amueleze kesho akishatulia, na haikuchukua muda Fermi mwenyewe akawa anaifundisha darasani kwake.

Wanafunzi wangu nawaeleza kwa mfano wa Maria mwenyewe. Fikiria ukumbi umejaa watu wawili wawili wanacheza dansi ya walzi, wanauzunguka ukumbi, na huku kila wawili wanajizungusha wenyewe. Wanaojizungusha kufuata upande ukumbi unakozungukia wanapata urahisi, wanaokwenda kinyume wanatumia nguvu zaidi. Tofauti hiyo ndogo, ukiipigia hesabu, inazigawa ngazi za kiini upya na namba zinakuja zote saba. Siku ile nilipoimaliza ubaoni na 126 ikatokea, binti mmoja wa nyuma alisimama kabisa kwenye dawati, akaomba nisifute. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alimpa Maria jina la Madonna wa Kitunguu, Madonna yani Bikira Maria, kwa ajili ya hayo maganda.

Jibu lake alilichapisha 1949, na mwaka uleule wanasayansi watatu waliokuwa Ujerumani, Haxel, Jensen na Suess, walifikia jibu hilohilo bila kuwasiliana naye. Wangeweza kugombania. Yeye na Jensen wakawa marafiki, wakaandika kitabu pamoja, kikatoka 1955. Kazi ya profesa kamili yenye mshahara kamili kaipata 1960, chuo kikuu cha California kule San Diego, ana miaka 53, na muda mfupi baada ya kufika akapata kiharusi. Hakuacha kazi. 1963 Nobel ikaja, nusu kwa Eugene Wigner, nusu nyingine yeye na Jensen wakagawana. Mwanamke wa pili wa fizikia baada ya Marie Curie wa 1903, na wa tatu hakuja mpaka 2018. Gazeti moja la palepale San Diego likaandika kwa herufi kubwa kwamba mama wa San Diego kashinda Nobel. Yeye mwenyewe alisema kupata tuzo hakukumfurahisha hata nusu ya alivyofurahia kuifanya ile kazi. Kafariki 20 Februari 1972.

Kwahiyo Ndugu Mhariri ombi langu ni dogo. Hiyo makala mkiirudia, au hata kwenye kona ndogo ya masahihisho, wekeni picha yake, jina lake kamili, na zile namba saba chini yake. Ukutani darasani kwangu nina picha za wanafizikia nilizokata magazetini, zimejaa ukuta mzima na mwanamke ni Marie Curie peke yake. Pembeni yake nimeshatoa picha moja, nafasi iko wazi, wasichana wameshaniuliza mara tatu inamsubiri nani.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro