YAH: Malalamiko ya tozo ya kVA inayopanda baada ya umeme kukatika

Wabanguaji wa korosho,
Masasi, Mtwara.

Meneja wa Ankara na Huduma kwa Wateja, TANESCO.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Bei ya uniti hatuna neno nayo. Tunacholalamikia ni tozo ya kVA, yaani ya ukubwa wa mzigo tunaovuta (kVA huzidi kilowati kidogo kwa sababu ya mota), ambayo kwa mwezi mzima huhesabiwa kwa nusu saa moja tu: ile ambayo mita imesoma mzigo mkubwa kuliko zote. Kwetu, mara nyingi nusu saa hiyo ni ile umeme unaporudi. Laini inakatika upande wenu, kilele tunalipa sisi.

Chukua kiwanda chenye matanuri matatu ya kukaushia, kila moja kilowati 18, kompresa ya kumenyea ya kilowati 15, na mashine za kubangulia pamoja na taa, kilowati 11. Siku ya kawaida thermostati (kidhibiti joto) huwasha na kuzima, hivyo matanuri yote hula wastani wa kilowati 27 na kompresa 10. Mita husoma kama kVA 51. Umeme ukikatika kwa saa mbili, matanuri yanapoa na tangi la upepo linaisha. Ukirudi, vyote vinavuta kwa nguvu zote: 54, 15 na 11, jumla kilowati 80. Mita inaandika kVA 82, na mwezi umeshaharibika hata kama ni tarehe 2.

Kwa shilingi 15,000 kwa kVA, hizo 31 za ziada ni shilingi 465,000. Halafu kuna kanuni ya kwamba mteja hatozwi chini ya asilimia 75 ya kilele cha miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo miezi mitatu inayofuata tunalipia 61.5 badala ya 51, yaani shilingi 157,500 zaidi kila mwezi. Ukiweka VAT ya asilimia 18, nusu saa hiyo imetugharimu shilingi 1,106,250.

Mtasema tufunge taima, matanuri yawake kwa zamu. Waliofunga wapo, na kilele kinapungua kweli. Ila korosho zilizokuwa katikati ya kukauka zinapoa zikisubiri zamu: ganda la ndani linang'ang'ania, mmenyaji akikazana kokwa inapasuka, na vipande haviuzwi bei ya nzima. Sola ya paani nayo hupunguza uniti tu. Kukatika kumoja siku ya mawingu kunarudisha kVA pale pale.

Tunaomba saa moja ya kwanza baada ya laini kurudi isiingie kwenye hesabu ya kilele. Mita zenu hutunza muda wa kukatika na kurudi, kwa hiyo ushahidi mnao wenyewe. Mkihofia mzigo wa kurudi, tutumieni ujumbe wa simu dakika 15 kabla ya kuwasha, tutazima tanuri mbili.

Pili, igaweni tozo. Sehemu ya transfoma iliyo jirani tutozeni kwa kilele chetu cha saa yoyote, maana inatuhudumia sisi. Sehemu ya laini ya kilovolti 33 na mitambo ihesabiwe kwa mzigo wetu wa saa 1 hadi saa 4 usiku, nyumba zote zinapowasha. Kiwanda kinachofungwa saa 11 jioni hakibanani na mtu saa hizo.

Tunataka ankara za msimu huu zipitiwe upya na ziada irudishwe kama salio ndani ya siku 21. Zikipita bila jibu, tutapeleka shauri EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, pamoja na nakala za ankara na kumbukumbu za mita.

Wenu,
Wabanguaji wa korosho, Masasi