Barua ya wazi kwa wakutubi na wahadhiri vijana

Wanangu,

Poleni na majukumu. Nilikaa nyuma ya meza ya maktaba ya chuo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo moja halijaacha kunisumbua: tunawaonyesha wanafunzi taarifa zilipo, lakini hatuwafundishi kuzihoji. Kile kipindi kimoja cha wiki ya kwanza, wanapozungushwa kati ya rafu na kuelekezwa namna ya kuingia kwenye hifadhidata, husahaulika kabla hawajapewa kazi ya kwanza ya kuandika, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekuja na swali. Nawaomba mlihamishie somo hili ndani ya kozi zenyewe, wakati mwanafunzi ana kazi mkononi na tarehe ya kuiwasilisha inamkaribia.

Mwanafunzi mmoja aliniletea insha iliyoegemea makala yaliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, yaliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Marejeleo yake hayakuwa na kasoro. Mwaka na kurasa vyote vilikuwa mahali pake. Nilimwomba ahesabu watoto waliochunguzwa, akapata 12. Kisha nikamwambia ayaweke kando makala hayo, atafute wengine wamesema nini juu yake, na haikuchukua dakika tano akagundua kwamba jarida lenyewe liliyafuta mwaka 2010. Alinyamaza, halafu akaniuliza kwa nini nakala aliyokuwa nayo haikuonyesha hivyo. (Ilikuwa imepakuliwa zamani na kupitishwa mkono kwa mkono, tangazo la kufutwa haliifuati nakala iliyokwisha kuondoka.) Hilo ndilo swali la mtafiti, na sikuwahi kulisikia kwa mtu niliyemtembeza kati ya rafu.

Tabia hiyo ya kutoka nje ya ukurasa ili kuupima ina ushahidi. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walinaswa na nembo na anwani za tovuti zenye sura rasmi, ilhali wahakiki waliuacha ukurasa upesi, wakaenda kuuliza kwingine nani yuko nyuma yake. Ikiwa hata msomi mwenye shahada ya uzamivu hunaswa, tusimlaumu kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna aliyemfundisha.

Matumizi ya visawe na alama za nukuu katika kutafuta yanafundishika kwa nusu saa. Kinachohitaji muda ni uamuzi, hasa sasa ambapo programu za akili unde hutunga marejeleo yenye majina ya majarida ya kweli na makala ambayo hayajawahi kuandikwa. Kukataza peke yake hakutoshi. Mtakeni mwanafunzi afungue kila chanzo anachokitaja, na aambatanishe shajara fupi ya utafutaji wake: maneno aliyoanza nayo, aliyoyabadilisha, vyanzo alivyovikataa na sababu za kuvikataa, na shajara hiyo ipewe alama zake. Mimi nilikuwa nikianza kusoma hapo kwenye vilivyokataliwa, kabla sijaigusa insha yenyewe.

Wenu,
Mkutubi mstaafu