Barua ya wazi kwa wazazi, walezi na majirani kuhusu watoto wanaoonewa

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wenye watoto na msio nao, kwa maana jambo ninalowaandikia si la wazazi peke yao. Mara nyingi mtu mzima hulikuta kundi la watoto limemzingira mwenzao, wanamwita jina linalomfanya ainamishe kichwa, naye hupita zake akisema hayo ni mambo ya watoto. Nawaombeni kauli hiyo tuiache.

Watoto hugombana na kupatana, na ugomvi wa namna hiyo haudai kikao. Uonevu ni jambo jingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeuchunguza nchini Uswidi na Norwei tangu miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: hukusudiwa, hurudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa za kujitetea. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau, na ndiyo sababu kuwasimamisha watoto wawili mbele ya watu na kuwaamuru wapeane mikono hakumalizi kitu. Mnyonge huutoa mkono wake kwa hofu, na kesho yake njiani hulipizwa kwa kusema.

Mtoto anayeonewa ni nadra kusema. Hurudi nyumbani amebana mkojo tangu asubuhi, kwa kuwa chooni ndiko anakoviziwa. Tumbo humuuma shule ikikaribia kufunguliwa na hupoa likizo ikianza. Madaftari yake hupotea kila mara, naye huiacha njia fupi akashika ndefu. Mkiyaona haya, msimuulize kwa nini hakurudisha kofi. Muulizeni huketi na nani, hupita wapi, na siku ile nani walikuwepo.

Walikuwepo nani? Swali hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu mwonevu hutafuta watazamaji. Watafiti wa Kanada waliowarekodi watoto wakiwa viwanjani walieleza mwaka 2001 kwamba mtoto mwingine alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya visa vilikoma ndani ya sekunde 10. Basi tuwafunze watoto wetu wasicheke, wamwite anayeonewa kwa kumwambia "njoo twende zetu", kisha wamwarifu mtu mzima. Nasi tulioarifiwa tusimtaje aliyetuambia, kwani akishatajwa hatasema tena, wala wenzake hawatasema. Kwenye simu, ambako matusi humfuata mtoto hadi kitandani, ujumbe uhifadhiwe kwanza kabla ya kufutwa.

Mwonevu naye ni mtoto wetu. Kumchapa hadharani kunamthibitishia kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mwiteni faraghani, mwambieni bila kuzungukazunguka alilotenda, arudishe alichopokonya, kisha mfuatilie baada ya wiki na tena baada ya mwezi; hapa ndipo wengi wetu huchoka mapema.

Ombi langu kwenu ni kwamba katika kikao kijacho cha wazazi na walimu, mlinzi wa geti, dereva na mfagizi waalikwe wakae nanyi, maana wao huona pembe ambazo mwalimu hafiki. Kubalianeni ni mtu gani mtoto anaweza kumwendea wakati wowote, na watoto wenyewe watangaziwe jina lake na mahali anapopatikana.

Mzee wenu anayewapenda