Tunapolinganisha ala za bastola, tuanze na kifyatulio

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenzangu wenye leseni ya kumiliki bastola, hasa wanaoibeba kwa siri ndani ya kiuno cha suruali. Kila nisikiapo watu wakilinganisha ala, yaani vifuko vya kubebea bastola kiunoni, mazungumzo huanzia kwenye wepesi, ulaini na jinsi ala inavyofichika chini ya shati, na mara nyingi huishia hapo hapo. Ni nadra kuulizwa kama kifyatulio, yaani kile kinachovutwa kwa kidole ili kufyatua risasi, kimefunikwa sawasawa, na kama mdomo wa ala hubaki wazi bastola ikishachomolewa.

Nasema hivi kwa sababu yalinifika. Kwa miaka kadhaa nilitumia ala ya ngozi niliyoipenda mno, kwani ilikuwa imeshauzoea mwili wangu. Siku moja, nikiirudisha bastola alani, nilihisi kitu kikinikatalia kidogo, kama nguo iliyonasa. Niliacha kusukuma, nikaitoa taratibu, nikatazama: ukingo wa ngozi, uliolegea kwa jasho na kwa kukunjwa siku nenda siku rudi, ulikuwa umeingia ndani ya duara la chuma linalokizunguka kifyatulio. Laiti ningeongeza nguvu, ngozi ile ingefanya kazi ya kidole, na mtutu ulikuwa umeelekea pajani mwangu.

Sisemi kwamba ngozi haifai. Ngozi nene, iliyoimarishwa mdomoni kwa tabaka la pili au kwa bamba la chuma lililoshonewa ndani, haipigi kelele na huvalika kwa raha. Ila huzeeka, na mwenye nayo hana budi kuikagua mara kwa mara. Plastiki ngumu ya Kydex, ambayo hulainishwa kwa joto na kukandamizwa juu ya umbo la bastola, hainywi jasho, haijikunji, na huibana bastola kwa mlio mdogo unaosikika inapokaa mahali pake. Dosari zake nazijua: hukwaruza rangi ya chuma, huchoma nyonga mtu akikaa kitako muda mrefu, na kila modeli ya bastola huhitaji ala yake. Zile za mchanganyiko, zenye ngozi upande wa mwili na plastiki upande wa nje, huvalika vizuri, lakini ngozi ya nyuma nayo hulegea na kuweza kujikunja juu ya mdomo. Vifuko laini vya nailoni vinavyodaiwa kuifaa kila bastola sivipendekezi hata kidogo.

Wanaovaa ala mbele, karibu na kitovu, wana sababu nzuri, kwani bastola hufichika na kulindika vizuri zaidi kuliko nyongani. Hata hivyo mtutu huwa umeelekea pajani na kinenani, hivyo ugumu wa ala hapo hauna mjadala. Klipu, yaani kibanio kinachoshikiza ala kwenye mkanda, nayo isidharauliwe: isiposhika mkanda imara, mtu atachomoa bastola ikiwa bado imevaa ala yake.

Kabla ya kununua, mtu atoe magazini, yaani kisanduku cha risasi, ahakikishe mara mbili kwamba chemba, lile tundu la risasi nyuma ya mtutu, haina risasi, aiingize bastola alani, kisha abonyeze kwa kidole kutoka nje pale kilipo kifyatulio. Kikisogea, ala hiyo asiinunue. Halafu aivae ala tupu, akaze mkanda, ainame na kuinuka, atazame kama mdomo umebanwa. Nami siku hizi kila niwezapo huivua ala kwanza, nikaiingiza bastola huku nikitazama, ndipo nikavaa vyote pamoja.

Ile ala yangu ya zamani niliikata vipande viwili kwa kisu kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota na kuivaa.

Mmiliki wa bastola mwenye leseni