Salamu za Krismasi kutoka Derbyshire

Ndugu, jamaa na marafiki, Krismasi njema! Najua wengi wenu mko njiani kurudi nyumbani Kilimanjaro "kuhesabiwa" na ukoo. Mwaka huu jina langu likiitwa, semeni yuko Uingereza, ambako jua huzama kabla ya saa kumi jioni na hata mtoto akipumua anafuka moshi kama jiko la kuni.

Jumamosi tulikwenda Chatsworth, kwenye jumba la ukoo wa Cavendish, makabaila wenye cheo cha Duki wa Devonshire. Ndani kulikuwa na mapambo na foleni, sisi tukashinda bustanini. Miti imepukutika yote, kulungu wanatafuta majani kwenye umande ulioganda. Na hapo, wanakihamba wenzangu, watu wa mashamba ya migomba, ndipo kwenye habari ya mgomba. Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duki wa 6, aliutunza kwenye nyumba ya kioo yenye joto, na Novemba 1835 ukachanua. Novemba, kwenye baridi hii! Machipukizi yake yakapelekwa na wamisionari hadi Samoa, na leo ndizi aina ya Cavendish ndiyo inayoongoza kusafirishwa duniani. Shangazi, usinune, najua kwako mshare ya kupika ndiyo ndizi, nyingine ni matunda tu.

Kilichonikaa zaidi ni chemchemi ya kutengenezwa, ile ya kurusha maji juu. Duki alisikia kwamba Tsar, yaani Kaizari, Nicholas I wa Urusi angekuja mwaka 1844. Paxton akachimbisha ziwa la ekari 8 juu ya kilima, vibarua wakifanya kazi hata usiku kwa mwanga wa mienge, ili maji yateremke kwenye bomba na kuruka yenyewe bila pampu. Yaliwahi kufika mita 90 hivi. Tsar hakutokea. Chemchemi ikaitwa ya Kaizari vilevile, na wanaoifaidi ni watu kama sisi, tuliokuja na chai yetu kwenye chupa.

Nilimkumbuka Mama, ambaye kila Krismasi hupika mtori, supu yetu ya ndizi, wa watu ambao hajui kama watafika. Mama, najua umeshanihesabu. Sufuria isipunguzwe. Bakuli langu apewe yule jirani aliyebaki peke yake, na akitaka kuongezwa aongezwe. Watoto wasimalize mbuzi wa ndafu kabla wazee hawajakaa, na walio barabarani waendeshe taratibu, hasa usiku.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Nipigieni mkiwa wote mezani, hata kama mtandao unakatika.